Redio Kati ya Mama na Bibi

Simu yangu hulia kama kifaranga kila ujumbe unapoingia, na siku hizi kifaranga hiki hakinyamazi. Asubuhi ni Adela, binti yangu wa Njoro. "Mama shikamoo. Mwambie Rogati bati la banda la ng'ombe wako lifungwe kabla mvua haijazidi." Kabla sijaiweka simu chini, kifaranga kinalia tena. Ni Rogati, kaka yake, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma kule Majengo. "Shikamoo mama. Mwambie Adela bati nimeliona, nina macho."

Wote wawili wanakaa Moshi mjini. Mmoja angeweza kutoka kwake kwa miguu akafika kwa mwenzake kabla jua halijamchoma. Lakini maneno yao lazima yapande mlima kwanza, yaje hapa Kibosho kwa mzee mwenye magoti mabovu, halafu yateremke tena mjini. Huu ni mwaka wa tatu. Siku tuliyomzika baba yao, Adela alimgeukia kaka yake mbele ya watu akamwambia, "Baba amekufa akikuulizia." Rogati alikuwa amefika siku moja baada ya kifo. Hakujibu. Mpaka leo hajajibu.

Nimechoka, nisiseme uongo. Wenzangu wa rika langu mnajua kuna uchovu wa mwili ambao mtu akilala unapungua, na kuna huu mwingine wa kubeba maneno ya watu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Neema, mtoto wa Adela anayesoma chuo, alikuja kunisalimia. Aliniwekea simu yake usoni. "Bibi, cheki hawa. Wako huko angani, nje kabisa ya chombo chao." Nikaona watu wawili wamevaa manguo meupe ya kuvimba, wanatengeneza kitu, wamekaribiana kama wanawake wanaochambua maharage kwenye ungo mmoja.

"Unaona walivyokaribiana?" Neema akasema. "Hata mmoja apige yowe, mwenzake hasikii kitu. Hakuna hewa ya kupitisha sauti. Mpaka redio tu."

"Najua," nikamwambia.

"Unajua?"

"Na redio ikifa, wanagusanisha zile kofia zao za kioo. Sauti inapita kwenye kofia."

Neema akanitazama, akaanza kubofya simu yake kutafuta kama ni kweli. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Bibi wewe! Nani kakuambia haya?"

"Katekista Deodati," nikasema, nikaenda jikoni kutazama moto, maana jina hilo lilinijia na harufu yake: harufu ya kuni za mkahawa, mavi ya ng'ombe, na majani mabichi yaliyokatwa. Harufu ya nyumba ya bibi yangu, mama mzaa baba.

Wakati ule nilikuwa nimeng'oka meno mawili ya mbele. Katekista Deodati ndiye pekee kijijini petu aliyekuwa na redio, yenye koti la ngozi lenye vifungo. Betri zake zilipochoka alizianika juani, kwenye jiwe, na sisi watoto wa mafundisho tulikuwa tunapewa zamu ya kuzilinda kuku wasizichezee. Jumapili moja baada ya misa alituambia watu wamefika mwezini. Akaweka redio dirishani, watu wakasimama uani kusikiliza.

Mzee Kiria, jirani yetu, akauliza, "Wamepitia wapi? Kama wangepita kilele cha Kibo tungewaona."

"Na wanakula nini huko?" Mama Apolonia akadakia. "Kuna migomba?"

"Hakuna hata hewa, mama," akasema Deodati. Alikuwa na gazeti la misioni lenye picha iliyochorwa, akatuonyesha. Watu wawili wamesimama, kila mmoja na kofia kama chungu cha kioo. "Hawa wakisema kwa mdomo hawasikiani. Kila mmoja ana redio ndogo sikioni. Neno linatoka kwa huyu, linaingia redioni, redio inampelekea yule."

Nikauliza, "Hata wakisimama karibu?"

Deodati akaweka kiganja chake mbele ya pua yangu. "Hata karibu hivi."

"Na redio ikiharibika?"

Akanijibu kuwa hapo wataegemezana vichwa, kofia kwa kofia, na sauti itapita. Wazee wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani mbio kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo ambalo lilikuwa linanisumbua tangu mvua za masika.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba yangu, Melkiori, alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, akija mwisho wa mwezi na kuondoka kesho yake. Waliobaki ni Mama, jina lake Felista, na Bibi, ambaye watu walimwita Bibi Manka, na mimi katikati yao. Na ng'ombe, Chausiku, aliyelala mle mle ndani kama ng'ombe wote wa mlimani wakati ule. Mama na Bibi walikaa kwenye moto mmoja, mafiga matatu yaleyale, lakini hawakusemezana. Bibi alikuwa ananiambia, "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Mama alikuwa pale, mkono ungemfikia. Alikuwa anasikia. Lakini alitulia anatazama moto mpaka mimi niseme, "Mama, Bibi anasema chumvi imezidi." Hapo ndipo alipojibu, "Mwambie bibi yako chumvi ni ileile ya jana." Na Bibi naye angengoja nigeuze shingo nimletee.

Kabla ya siku ile ya Deodati nilidhani nimefanya kosa, ndiyo maana nimepewa kazi ile. Sasa nikajua. Kati ya Mama na Bibi hakuna hewa. Si kosa la mtu. Ni kama wale wa mwezini, sauti haipiti, na mimi ndiye redio.

Sababu yenyewe niliijua nikiwa mtu mzima. Masika ile tulikuwa na mtoto mchanga, ndugu yangu Baltazari. Alishikwa na homa, Mama akangoja asubuhi ndipo ampeleke hospitali chini mjini, na mtoto hakufika asubuhi. Wakati wa kumfukia, Bibi akasema kwa sauti, "Mimi nilisema apelekwe mapema." Basi. Neno moja la mtu mwenye uchungu, na hewa yote ikatoka nyumbani. Lakini mtoto haelezwi mambo hayo. Mimi nilielezwa habari za mwezini, nikazitumia.

Nilikuwa redio nzuri. Niliongeza hata "tafadhali" ambayo hakuna aliyeisema. Bibi akisema, "Mwambie huyo majani aliyoleta jana ni ya punda," mimi nilikuwa nasema, "Bibi anaomba majani laini kidogo." Mama angenitazama, ajue nimeyapiga pasi, lakini apokee hivyo hivyo. Ilinichosha. Hata nikilala nilisikia "mwambie, mwambie." Katika kucheza nilikuwa nakimbia nyumbani nikiitwa, na wenzangu walinitania, "Nenda, kengele yako imelia."

Halafu siku moja, tukiwa tunachuma kahawa, Mama akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie bibi yako kahawa hizi zikishaanikwa zikakauka, mimi narudi kwetu Uru."

Nikauliza, "Na mimi?"

"Wewe ni wa hapa. Mtoto ni wa kwa baba yake."

Vidole vyake vilikuwa vinaendelea kuchuma. Nakumbuka kikapu kilikuwa na mpini uliofungwa kwa ganda la mgomba, na mchwa alikuwa anatembea juu yake, nikamtazama mchwa mpaka akafika mwisho. Ujumbe ule nikautia mdomoni lakini haukutoka. Nikajua nikiufikisha kwa Bibi, Bibi hatabembeleza. Atasema, "Mwambie aende salama." Na huo nao nitaubeba mimi.

Ndipo nikakumbuka kofia. Redio ikiharibika, wataegemezana vichwa. Basi nikaharibika.

Jioni ile Bibi akasema, "Mwambie mama yako maziwa yameanza kuganda." Nikanyamaza. Akarudia. Nikaonyesha koo langu, nikatikisa kichwa. Bibi akanikamata kidevu, akatoa kijinga cha moto akanimulika mdomoni. "Sioni kitu," akasema. Akamtazama Mama, Mama akatazama pembeni. Maziwa yakaharibika. Siku ya pili tulikula ngande yetu ya mahindi na maharage isiyo na chumvi, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshatia, na aliyeonja hakuwa na wa kumtuma. Mama alinipa asali nyuma ya nyumba. Bibi alinipa maji ya tangawizi mbele ya nyumba. Vichwa vyao havikukaribiana hata kidogo. Nikasema moyoni, labda redio lazima iwe imekufa siku nyingi zaidi.

Siku ya tatu Mama alitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Majani yalikatwa mbali, chini, ng'ambo ya korongo, na mto ulivukwa kwa magogo mawili yaliyolazwa. Mama alipokwisha kupita migomba na kushika njia, Bibi alienda kuteka maji kwenye mfongo, ule mfereji wetu uletao maji kutoka msituni. Akasimama. Akaingiza mkono, akautoa, akautazama.

"Wewe," akaniita. "Kimbia. Mwambie mama yako asivuke leo. Mfongo umekuja mwekundu, huko juu kumenyesha."

Kwetu jua lilikuwa linawaka. Mimi nilimwona Bibi na kata yake ya maji mekundu, na jambo nililoliona tu ni kwamba ananituma tena. Nikakimbia. Nikamkuta Mama ameshafika kwa Mzee Kiria, mundu mkononi, kamba begani.

"Bibi yako anasemaje?"

Nikashika koo langu.

Mama akapiga goti, akanipapasa shingoni kwa vidole vyenye sugu. "Pole mwanangu. Nikirudi nitakuchemshia majani ya mkaratusi." Akaenda zake.

Nilirudi nyumbani polepole. Bibi akauliza, "Umemwambia?" Nikanyamaza, na yeye alikuwa amekwisha kuzoea kunyamaza kwangu, akadhani ni ndiyo. Nilijua nini mimi? Mto nilioujua ulikuwa unafika magotini. Nilidhani wekundu wa maji ni uchafu tu, kama nguo ikifuliwa.

Jua lilipokuwa utosini, tukaanza kuusikia mto kutoka nyumbani. Haukuwahi kusikika nyumbani. Bibi aliacha kumenya ndizi. "Umemwambia?" Safari hii alinishika mabega yote mawili. "Nakuuliza! Umemwambia?"

"Redio imeharibika," nikasema, nikaanza kulia.

"Redio gani? Redio gani wewe?"

Hakungoja jibu. Bibi alikuwa na mguu wa kushoto mbovu, aliutupa pembeni alipotembea, lakini siku ile sikuweza kumfikia. Nilimwona tu kanga yake ikipotea kati ya migomba, nikaifuata.

Mama alikuwa amesimama ng'ambo, mzigo wa majani kichwani. Wanaojua mzigo ule wanajua: ukishatwishwa huwezi kuutua peke yako bila kuanguka nao. Kule ulikokatia kuna mtu wa ng'ambo hiyo wa kukutwisha, na unakofika lazima awepo mtu wa kukutua. Majani yanakushukia usoni, unaona miguu yako tu. Maji yalikuwa hayajapita juu ya magogo, lakini yaliyagonga, na magogo yalitetemeka.

"Felista!" Bibi akaita.

Sikuwahi kumsikia akilitamka jina hilo. Alikuwa anasema "mama yako" au "huyo." Akaita tena, "Felista, rudi! Rudi nyuma!" Nilikuwa ubavuni kwake na mimi mwenyewe sikusikia vizuri. Mto ulikula sauti yote. Niliona mdomo wa Bibi unafunguka na kufungika na hakuna kinachofika, na nikaogopa, kwa sababu hapo ndipo nilipouona mwezi wenyewe.

Bibi akapunga mikono, rudi, rudi. Lakini mtu anayetazama kupitia majani, akiona mkono unapungwa ng'ambo, anaona njoo. Mama akakanyaga gogo.

Bibi akatupa fimbo yake. Akavua kanga ya juu, akaingia kwenye magogo yeye na mguu wake, anaburuta unyayo bila kuunyanyua, mikono imetanda. Nilitaka kufumba macho nikashindwa. Walikutana katikati. Mama alisimama kwa kuwa aliona miguu ya mtu mbele ya miguu yake. Na Bibi akainama, akaingiza kichwa chake chini ya yale majani yaliyoning'inia, paji la uso kwa paji la uso. Kutoka ukingoni niliona mzigo mmoja wa majani wenye miguu minne.

Walikaa hivyo. Sijui kwa muda gani. Mdomo wangu ulikuwa umejaa machozi na kamasi, nikawa nasema, "Inapita, inapita," kama mwehu.

Halafu mikono ya Bibi ikapanda, mikono ya Mama ikapanda, mzigo ukainuka na kwenda majini. Mto ukauchukua kama unyoya. Bibi akarudi kinyumenyume, hatua moja moja, amemshika Mama viganja, mpaka wakafika ukingoni kwetu. Mama akaketi chini. Bibi akaokota kanga yake, akaikung'uta, akajifunga. Hakuna aliyenipiga. Ningependa wangenipiga.

Njiani kurudi walitangulia, mimi nyuma. Jioni, tulipokuwa tunakula, Bibi akaonja, akasema, "Felista, chumvi imezidi."

Nikageuza shingo kwa mazoea, nifikishe. Mama alikuwa ameshajibu. "Ni ileile ya jana."

Hivyo tu. Nilibaki nimefungua mdomo, sina kazi. Nililala usingizi ambao sijaupata tena.

Hawakuwa marafiki, msije mkadhani. Walisemezana kwa maneno machache mpaka Bibi alipofariki, na Mama ndiye aliyemwogesha. Kahawa zilianikwa, zikakauka, Mama hakwenda Uru. Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa na Rogati mgongoni, nilimuuliza Mama tukiwa tunapepeta maharage: siku ile mtoni, Bibi alikuambia nini kichwa kwa kichwa? Nilikuwa nimengoja jibu hilo muda wote. Nilidhani alisema pole. Nilidhani alimtaja Baltazari.

"Aliniambia, 'Tupa majani.'"

"Basi?"

"Basi."

"Na wewe ukamwambiaje?"

Mama akapuliza makapi. "Nikamwambia, 'Ng'ombe atakula nini?'"

Wiki iliyopita Rogati alinitumia sauti. Alikuwa na hasira, nilisikia nyundo nyuma yake. "Mama, mwambie Adela hata nikifa asije kwangu." Niliisikiliza mara moja nikaifuta. Neema alinifundisha kufuta. Ule ujumbe wa Mama wa kurudi Uru bado ninao, sikuwahi kuufikisha kwa Bibi, na huu nao nitakaa nao. Lakini najua gharama ya redio kunyamaza. Niliiona ikitetemeka juu ya magogo mawili. Na mimi sasa si mtoto wa kuharibika bila kujua nini kitatokea.

Kwa hiyo niliwatumia neno moja, wote wawili, kila mmoja peke yake: "Njoo Jumamosi. Kuna mzigo." Wala sikudanganya. Kijana anayeniletea majani ya ng'ombe kwa gari hawezi kufika mlangoni wakati wa matope, hushusha njia panda, na nilimwambia asifunge matita madogo. Nilimwambia afunge moja tu, kubwa.

Adela alifika kwanza, na viatu vyake vya mjini. Rogati akaja kwa bodaboda. Walinisalimu shikamoo, kila mmoja upande wake wa ua, kila mmoja akitazama migomba. "Mama, mzigo gani?" akauliza Adela. Nikanyoosha mkono kuelekea njia panda. "Mwambie—" akaanza Rogati. Nikashika koo langu, nikatikisa kichwa, nikaingia ndani.

Nilikaa kwenye kigoda kando ya moto. Simu niliizima. Magoti yalikuwa yananiuma, na moshi wa kuni za mkahawa ulikuwa unaniingia machoni. Walikaa huko muda mrefu mno. Nikasema moyoni, wameondoka, kila mtu kwa njia yake, na ng'ombe wangu atalala njaa kwa ujanja wa kizee kilichochoka.

Halafu nikasikia miguu kwenye matope, mizito, haiendi sawa.

"Inua kwako, limeniinamia," ilikuwa sauti ya Adela.

"Nimeinua."

"Hujainua!"

"Nimeinua, Adela. Songa tu."

Nikageuza shingo, kwa mazoea. Halafu nikairudisha, nikasogeza kuni.